Wanaotazama na Wanaotazamwa

Katika filamu ya Himala yumo mtu mmoja ambaye watazamaji wengi humsahau. Jina lake Orly. Anatoka Manila na kamera yake, anafika kijiji cha Cupang kilichokaushwa na ukame, na kilichomleta ni Elsa, binti anayesema kwamba Bikira Maria alimtokea kilimani siku jua lilipopatwa. Orly hamwamini Elsa, wala hamdharau. Anauliza maswali yake kwa upole, anategesha kamera, anangoja. Kisha Elsa na rafiki yake Chayong wanabakwa, na Orly yuko pale, anaona, kamera inafanya kazi. Halafu ananyamaza. Baadaye anakwenda kwa padri kulitua lile jambo, na sisi tunabaki tukijiuliza kama alilitua kweli au alilihamisha tu. Kila nikiwaza juu ya sinema ya Ufilipino fikra zangu hurudi kwa huyu bwana kuliko kwa Elsa mwenyewe. Labda ni kwa sababu mimi nami kazi yangu mbele ya filamu hizi imekuwa hiyohiyo, ya kukaa na kutazama maisha ya watu wasionijua.

Himala ilitengenezwa mwaka 1982 na mwongozaji Ishmael Bernal, kwa maandishi ya Ricky Lee, na Elsa akachezwa na Nora Aunor. Nilipoitazama mara ya kwanza nilikuwa nayo kichwani filamu ya Kimarekani ya mwaka 1943, The Song of Bernadette, inayosimulia habari za yule msichana wa Lourdes, Ufaransa. Visa vinafanana kiasi cha kumfanya mtu aseme hii imeigwa kwa ile: msichana maskini, Bikira, maji, wagonjwa, umati. Lakini ile ya Hollywood inashughulika na swali la kama binti anasema kweli. Mapadri wanamhoji, madaktari wanampima, na mwisho mtazamaji anaondoka na jibu lake. Bernal swali hilo analiacha likining'inia na kuigeuza kamera upande wa umati. Watu wenye njaa wakipewa binti kama huyu watamfanyia nini? Watauza maji ya baraka kwenye chupa. Watafungua nyumba za wageni. Nimia, mwanamke aliyerudi kijijini baada ya maisha magumu mjini, atafungua danguro, nalo litapata wateja kati ya walewale waliokuja kuhiji. Wataletwa wagonjwa, na wengine watakufa. Na Elsa atakaposimama mbele ya maelfu kuwaambia kwamba miujiza na laana na miungu vyote vimetungwa na mioyo yao wenyewe, atapigwa risasi, na umati uleule utakanyagana ukigombea kumgusa.

Kwa muda mrefu nilidhani tofauti hii ni ya vipaji tu, kwamba huyu ni mwongozaji bora kuliko yule. Sasa sina hakika sana. Ufilipino ilitawaliwa na Wahispania zaidi ya miaka 300, kisha Wamarekani wakaishika hadi 1946. Imani iliingia kupitia kanisa la wale wa kwanza na sinema ikakua chini ya hawa wa pili. Filamu ndefu ya kwanza ya Mfilipino, Dalagang Bukid ya José Nepomuceno, ilitoka mwaka 1919, bendera ya Marekani ikipepea Manila, nayo ilitokana na zarzuela, mchezo wa jukwaani wa kuimba ambao asili yake ni Hispania. Mtu aliyelelewa katika nyumba kama hiyo hahitaji kuuliza kama muujiza upo au haupo. Ameshaona miujiza ikiletwa kwa meli. Anachouliza ni nani anafaidika nao.

Kuna jambo jingine kuhusu Himala ambalo hunitatiza zaidi kadiri ninavyolifikiria. Fedha za kuitengeneza zilitoka kwenye taasisi ya serikali ya Rais Marcos, serikali iliyokuwa imetangaza sheria ya kijeshi mwaka 1972. Serikali hiyohiyo iliamua kujenga Manila Film Center kwa haraka ya ajabu ili iwahi tamasha la filamu la kimataifa la Januari 1982. Tarehe 17 Novemba 1981 jukwaa la mafundi liliporomoka na wafanyakazi wakazikwa kwenye saruji mbichi. Ujenzi uliendelea, na tamasha likafanyika. Mwaka huohuo wa tamasha, kwa mkono wa serikali hiyohiyo, ikapatikana filamu inayowaambia watu waache kuamini maajabu wanayouziwa. Nilipokuwa kijana nilipenda kusema kwamba sanaa ya kweli husimama upande wa pili wa dola, ikiwa maskini na safi. Himala imeniharibia sentensi hiyo, na sijapata nyingine ya kuweka mahali pake.

Mwongozaji Lino Brocka angefaa kuiokoa sentensi ile. Mwaka 1975, katikati ya utawala ule, alitoa Maynila: Sa mga Kuko ng Liwanag, habari za Julio, kijana aliyeacha bahari ya kwao Marinduque na kuingia Manila kumtafuta mpenzi wake Ligaya, aliyechukuliwa kwa ahadi ya kazi na masomo. Julio anafanya kibarua kwenye majengo, mahali ambapo kibarua hutia saini mshahara mmoja na kupokea mwingine mdogo zaidi. Mwaka uliofuata akatoa Insiang, iliyopigwa katika vibanda vya Tondo na inayofunguka ndani ya machinjio, nguruwe wakipigwa visu. Mwaka 1978 Insiang ikawa filamu ya kwanza ya Kifilipino kuonyeshwa Cannes. Imelda Marcos, mke wa rais, aliyetaka ulimwengu uione Manila nzuri na yenye kung'aa, hakuifurahia picha ile. Bernal naye aliyapata yake: filamu yake Manila by Night, ya mwaka 1980, ilikatwakatwa, jina la mji likaondolewa ikaitwa City After Dark, na ikazuiwa kwenda Berlin.

Hapo mambo yanaonekana mepesi: Imelda anaficha uchafu, Brocka anaufunua, na sisi tunampigia makofi Brocka. Nami nilipiga. Lakini miaka imepita, Marcos akaondoka madarakani mwaka 1986, na matamasha ya Ulaya yakaendelea kuipenda Ufilipino ya aina ileile. Mwaka 2009 Brillante Mendoza alipata tuzo ya mwongozaji bora Cannes kwa Kinatay, filamu ambayo sehemu kubwa yake ni usiku mmoja wa kumteka mwanamke, kumuua na kumkata vipande. Mwaka 2016 Jaclyn Jose akawa mwigizaji bora wa kike hukohuko kwa Ma' Rosa, mama mwenye duka dogo la mtaani anayeuza biskuti, sabuni na, chini ya meza, dawa za kulevya. Ni kazi nzito, nami siwezi kusema zimedanganya. Tukio la mwisho la Ma' Rosa, mama amesimama barabarani anakula vitonge vya samaki kwenye kijiti, machozi yanamtoka mdomo ukiwa bado umejaa, nadhani ni miongoni mwa matukio ya kweli kabisa niliyowahi kuyaona kwenye kioo. Hata hivyo Wafilipino wengi wamelalamika kwamba dunia inawataka wakiwa matopeni tu, na ninapoyasikia malalamiko hayo siwezi tena kuyaweka kando kama sauti ya Imelda. Sisi wenyewe tunajua jinsi mtu anavyojisikia akiona nyumba yao imepigwa picha kutokea upande wa choo.

Maana nyumbani kwao watu hutazama vitu vingine. Kila tarehe 25 Desemba linaanza tamasha la Metro Manila, lililoanzishwa mwaka 1975, na kwa siku kadhaa za Krismasi na mwaka mpya filamu za kigeni huondolewa kwenye majumba ya sinema ili za nyumbani zitawale. Familia hutoka zote, babu na wajukuu, wakiwa na pesa za sikukuu, kwenda kuona vichekesho, mapenzi, mazimwi na mashujaa wanaoruka angani. Wasomi huguna. Mimi niliguna pamoja nao bila kuziona, kwa kuwa nilikuwa nachagua filamu za Ufilipino kwa kufuata tuzo za Ulaya, kama vile nilivyokuwa nikisema filamu zetu za Bongo ni kuiga Wanaijeria tu, huku nikiwa nimekaa kwenye kochi la mtu aliyekuwa akizifuatilia kwa moyo wake wote.

Nora Aunor alipaswa kunifundisha mapema. Alizaliwa Iriga, mji wa mkoani, akauza maji ya kunywa kituo cha treni utotoni, akashinda shindano la uimbaji, na akaingia kwenye tasnia iliyokuwa ikitafuta nyuso nyeupe zenye damu ya Kihispania au ya Kimarekani, nyuso zilizozoea kusifiwa kwa kufananishwa na nyota wa Hollywood. Yeye alikuwa mfupi na mweusi wa rangi, kwa macho ya kwao. Wafanyakazi wa ndani, wachuuzi na wasichana wa viwandani walimfanya malkia kabla wahakiki hawajamfanya lolote. Mwaka 2022 alitangazwa msanii wa taifa, na alipofariki Aprili 2025 watu walimlilia kama ndugu. Filamu alizocheza zilikuwa zikisema mengi, lakini ule uso peke yake, mkubwa vile kwenye kioo, ulikuwa umeshasema jambo ambalo mwongozaji hakulazimika kuliandika. Nikitazama huku kwetu, kwenye mabango ya filamu na kwenye makopo ya mkorogo, sioni kama jambo hilo tumeshalimaliza.

Mlango wenyewe wa kuniingiza kwa watu hawa haukuwa Bernal wala Brocka. Ulikuwa televisheni ya sebuleni. Tamthilia ya Pangako Sa 'Yo, ambayo Afrika Mashariki wengi waliijua kwa jina la The Promise, ilikuwa na kila kitu nilichokuja kukidharau baadaye: Amor, mtumishi wa ndani aliyependwa na mtoto wa tajiri kisha akatupwa, Amor huyohuyo aliyerudi kutoka Marekani na utajiri na kisasi, mtoto aliyepotea asijue mama yake ni nani, makofi ya uso yanayosikika hadi jikoni. Shangazi yangu hakukosa sehemu hata moja iliyomfikia. Shangazi alikuwa amerudi Tanga kutoka Muscat, alikokwenda kufanya kazi za ndani, na alikuwa na namna yake ya kuwaangalia wale waigizaji kana kwamba anawajua.

Miaka baadaye nilimpelekea Anak, filamu ya Rory Quintos ya mwaka 2000. Niliibeba kwa majivuno kidogo, nikijua habari zote za nje ya filamu: kwamba tangu miaka ya 1970 serikali ya Ufilipino iliifanya kazi ya ughaibuni kuwa sera; kwamba Rais Corazon Aquino aliwaita wafanyakazi hao mashujaa wapya mwaka 1988; kwamba Machi 1995 mtumishi wa ndani Flor Contemplacion alinyongwa Singapore, nchi nzima ikalia, na filamu ya maisha yake ikatoka mwaka huohuo, Nora Aunor akiwa ndiye Flor. Nilitaka kumweleza shangazi yote hayo. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Haya mwanangu, washa basi."

Josie, anayechezwa na Vilma Santos, anarudi nyumbani baada ya miaka ya kulea watoto wa watu Hong Kong. Mumewe alikufa yeye akiwa huko, na hakuweza kuja kumzika kwa sababu waajiri walisafiri wakamfungia ndani ya nyumba. Watoto hawakuambiwa, au waliambiwa wasiamini. Binti mkubwa, Carla, anampokea kwa baridi inayokata. Nilikuwa nikimtafsiria shangazi maandishi ya Kiingereza yaliyokuwa chini ya picha, lakini baada ya muda aliniinulia mkono ninyamaze, kwa kuwa alikuwa anafuata vizuri bila mimi. Josie alipofungua mizigo na kugawa zawadi, mimi niliona ukarimu wa mama na ukaidi wa watoto. Shangazi alicheka, kicheko kifupi cha puani.

"Hizo kawaletea watoto aliowaacha," alisema. "Hawa aliowakuta hawajui."

Sijui nilikuwa nimesoma kurasa ngapi juu ya filamu hiyo. Hakuna iliyokuwa na maneno hayo. Nilisubiri alie kwenye sehemu za kulia, na hakulia. Mwishoni Josie, akiba imekwisha, anaondoka tena kwenda Hong Kong, na hapo mimi nilihisi filamu imenionea, nikasema kwa sauti kwamba haya ni mambo ya tamthilia, kwamba mwongozaji wa Ulaya angeishia mahali pengine, kwenye ukimya, bila muziki wote huu. Shangazi aliuliza huyo mwongozaji wa Ulaya mama yake alifanya kazi wapi. Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua.

Nikamweleza kwamba ninachokipinga ni kelele. Akanieleza kuhusu jirani yake wa Muscat, Mfilipino wa ghorofa ya juu, ambaye ilikuwa akipigiwa simu na nyumbani hulia kwa sauti jengo zima likasikia, na baada ya hapo huosha uso, hujipaka rangi ya midomo, na kushuka na taka akiimba. Yeye shangazi alikuwa halii, kwa sababu kwao Tanga hakulelewa kulia hivyo mbele za watu, na alimwonea wivu yule mwanamke. Kwa hiyo kilio ninachokiita cha kuzidisha, kwa mtu mwingine kilikuwa ni kupumua. Hapo nilinyamaza, ingawa sikukubali kabisa. Bado naona muziki wa filamu ile ungepunguzwa.

Jambo moja alilolalamikia shangazi ni kwamba Hong Kong ya Anak ni nyumba na kufuli tu. Siku yao ya mapumziko je? Nilikuja kupata jibu kwenye filamu nyingine, Sunday Beauty Queen ya Baby Ruth Villarama, filamu halisi isiyo na waigizaji, inayowafuata watumishi wa ndani wa Hong Kong ambao Jumapili yao ya pekee huvaa magauni ya kung'aa na mataji na kushindania urembo, kisha kukimbia kurudi kabla ya saa waliyopangiwa na waajiri. Mwaka 2016 ilishinda tuzo ya filamu bora kwenye lile tamasha la Krismasi nililoligunia. Mwaka uleule wa Ma' Rosa huko Cannes. Nikiziweka pamoja najiuliza ipi imetuonyesha Ufilipino, na kila nikidhani nimechagua, ile nyingine inanivuta kanzu.

Na mwaka huohuo tena Lav Diaz alipata Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya Venice, kwa Ang Babaeng Humayo. Huyu ndiye mtu wa filamu za saa nane na zaidi. Hii ya saa karibu nne kwake ni fupi. Amewahi kueleza kwamba watu wake, kabla ya Wahispania, hawakuishi kwa kuhesabu saa, na kwamba urefu wa filamu zake unatoka huko. Kisa amekichota kwa Tolstoy: mtu anafungwa kwa kosa ambalo hakulitenda, na baada ya miaka mingi mwenye kosa anajulikana. Kwa Tolstoy mzee anasamehe na kufia kifungoni. Diaz anamtoa gerezani mwalimu Horacia baada ya miaka 30 na kumwachia usiku baada ya usiku mitaani, pamoja na muuza mayai na watu wengine waliotupwa, akizunguka na kisasi chake huku mikono ikizoea kuwahudumia wengine. Picha haina rangi, kamera haisogei sana, muziki wa kusindikiza haupo. Ni kila nilichokuwa nikikitaka.

Anayemcheza Horacia ni Charo Santos-Concio. Alianza kwenye filamu ya Mike de Leon miaka ya 1970, kisha kwa miaka mingi akawa miongoni mwa viongozi wa juu wa ABS-CBN, kituo kilekile kilichotengeneza Pangako Sa 'Yo. Nilipolitambua hilo nililiona kama dhihaka iliyotumwa kwangu binafsi. Ukuta niliokuwa nimeujenga kwa taabu, huku filamu za kufikiri na huku tamthilia za kulia, mama huyu alikuwa akiingia na kutoka kama hauoni. Pengine kwake haukuwahi kuwapo. Pengine uliwekwa na sisi tunaotazama kutoka mbali, ambao tunahitaji kujua upesi tumeketi upande gani.

Kutoka pwani yetu, na kutoka Kenya na Uganda, wanawake wengi wamekwenda Oman, Saudia na kwingineko Ghuba, na wengi wamerudi na mizigo ya zawadi zisizowaenea watoto. Nilimwambia shangazi kwamba ingefaa mtu wetu aitengeneze filamu yao, kubwa, ya kuwaita watu wote waje kuiona. Alinipa masharti. Asimwekee mwigizaji mweupe. Asimwonyeshe analia jikoni. Amwonyeshe Ijumaa alasiri, Ruwi huko Muscat, na wenzake wamevaa wakapendeza wanakula aiskrimu wakiwasema waajiri wao. Nikamwambia na jikoni lazima lionekane, shangazi, la sivyo watu watadhani mlikwenda kutembea. Akasema waliokuwa jikoni wanajua, na wasiojua hawatajua kwa kuonyeshwa. Mimi nasema watajua kidogo. Mpaka leo kila nikimpitia kumpa shikamoo tunauendeleza ubishi huo, na hajanipa ruhusa ya kumwandikia lile jikoni, ndiyo maana hapa halimo.